Kopo la Udhu

Alhamisi, 14 Machi 1996

...na mbele ya jirani! Huyu mavyaa wangu, kwa kuwa alimzaa mume wangu, anadhani na mimi ni mali yake.

Mifereji imekauka tena, maji tunanunua ya mkokoteni. Magharibi nikaingia bafuni kutawadha. Nikamaliza, nikaona kama kisigino hakikupata maji. Nikaanza upya. Nikamaliza, nikashuku udhu umetenguka. Najua haukutenguka. Nikaanza upya, mpaka mtungi ukabaki mtupu na Magharibi inakwisha.

Mavyaa akasukuma mlango, akanipokonya kopo. "Waswasi huo, mwanangu! Shetani anakuchezea, na sisi tukose maji?"

Jirani akacheka. Mwanangu, eti!

"Udhu haukutimia, mama."

"Umetimia. Nenda kaswali. Kama haukutimia, dhambi ni yangu mimi."

Nikaenda. Nikaswali miguu ikichuruzika maji, ndani ya wakati, wala sikurudi kutawadha. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliswali Magharibi kabla Isha haijaadhiniwa.

Simpendi. Kesho Marikiti nzima itajua habari za kisigino changu.

Lakini kesho jua likizama, asipokuja mwenyewe kunipokonya kopo, nitamwita.