Miti ya Mutshatsha

Siku ya pili ya juma, 4 juni 1974
Asubuhi misa, kisha kazi. Nilishona mifuko mbili ya unga pamoja, nikaipaka rangi nyeupe ya chini. Na hii baridi haikauki upesi. Mutu mumoja alitaka nimuchoree mamba-muntu, ule mwanamuke wa maji mwenye mukia wa samaki. Nilikataa. Mi nachora kitu macho yangu iliona: vilima, njia, mashimo ya migodi. Batu banacheka, lakini banarudia kununua.

Masengo, bibi yangu wa ndoa, hakula. Munganga wa hospitali alisema mapafu yake haitapona. Mi najua, yeye anajua. Hatusemi.

Siku ya ine, 6 juni
Leo alisema. Anataka kuzikwa kwao Mutshatsha, chini ya miti ya miombo, pembeni ya mama yake. Kaka yake, Tata Kapend, alikubali: batamupeleka na treni. Kisha akaniomba nimuchoree kule, aone mbele ya kufa. Tangu nimuoe hajarudia. Mi sijafika hata mara moja. Nilijibu: kesho napanda treni, niende kuona.

Siku ya posho, ya sita, 8 juni. Mutshatsha
Kaburi ya mama yake nilionyeshwa. Miti hakuna. Hata moja. Visiki, majivu, tanuru za makala, makaa ya miti, zinatoa moshi. Batu ba hapa banasema miti yote ilienda kwetu Kolwezi ndani ya magunia. Na sisi tunapikia ile makala kila siku.

Nilikaa juu ya kisiki nikachora. Kingine sikujua kufanya.

Siku ya tano, 14 juni
Nilimaliza. Nilifikiri ukweli ni heshima. Masengo alitazama tablo, ile picha, wakati murefu, kisha akaniuliza:

— Miti iko wapi, Tata?

Nilimwambia. Akageukia ukuta. Ee Mungu, mi ni mupumbafu. Mume mwingine angeongopa, na angekuwa mume muzuri.

Siku ya kwanza, 17 juni
Masengo alilala usingizi. Nikaanza kuongeza miombo, mitatu, majani mengi. Mara ya kwanza mu maisha yangu nachora kitu sikuona. Aliamuka akaona.

— Toa ile. Ile ni miti ya picha ya kalenda.

Nilitoa na kitambaa na petroli. Kisha akasema, sauti kidogo:

— Munizike hapa. Kule hakuna tena kivuli.

Tata Kapend alipojua, alinilaumu mbele ya batoto betu: eti nilimunyanganya dada yake kwao, na burashi tu.

Siku ya Mungu, 30 juni
Masengo tulimuzika siku ya ine ya juma hii, hapa Kolwezi. Padri alitaja jina lake la ubatizo, lile serikali ilikataza pamoja na majina yote ya kikristo, polepole, kama mutu anamwita mutoto aliyelala. Tata Kapend alikuja, lakini hakunipa mukono.

Nasali. Maneno haipande kwa Mungu.

Siku ya tatu, 10 julai
Mama Kapinga, jirani wetu wa Kasai, alikuja kunipa pole. Alisimama mbele ya tablo ya visiki, akalia sana, yeye asiyejua hata Mutshatsha. Alitoka kwao mutoto mudogo, baba yake alipoletwa kwa kazi ya mugodi. Aliniomba nimuchoree kijiji chao. Nilisema nitaenda kwanza kuona.

— Hapana, Tata, usiende. Mi nitakuambia vile nakumbuka, wewe chora.

Nilimupa kiti. Nilichonga kalamu ya risasi, nikamuuliza muto wao unapita upande gani.