Ng'ombe Mweusi Niliyemwingiza Zizini kwa Kibwana

Zinga, kusini ya Bagamoyo, siku ya tano ya Mfungo Nne, mwaka 1304 wa Hijra. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke Amu.

Ndugu yangu Mwana Esha,

Nakusalimu salamu za mtu aliyenyamaza kwa aibu, si kwa kusahau. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha mumeo, kimepoa? Mimi mwili mzima, ingawa meno yamebaki manne, na kusoma naweza bado asubuhi jua likiwa jeupe. Binti yangu Zuhura hajambo. Uliningoja Ramadhani nzima, sikuja. Ukaningoja Idi zote mbili, sikuja, wala sikuleta hata neno. Leo nakueleza, nawe usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua kwamba tangu Zuhura afiwe na mume tulikuwa tukiishi kwa maziwa, pale njiani kati ya mjini na Kaole. Tulikuwa na ng'ombe watatu. Watatu wanatosha, maana mmoja akikauka wawili wanaendelea. Mwezi wa Rajabu mmoja akafa akizaa. Nikasema moyoni: nikipata wa kuziba pengo lake, Zuhura atakuwa na riziki yake, nami nitakuwa huru kurudi kwetu nife nikisikia Kiamu. Hilo ndilo lililokuwa limenizuia, hilo tu.

Hapa Zinga yupo mkulima aitwaye Kibwana, rika langu, mwenye ng'ombe kumi na mmoja waliozaliwa wote katika zizi moja, wao na mama zao. Nilimfuata mwishoni mwa Shaabani. Alinionyesha mtamba aliyezaa mara moja, mwekundu, mpole, na ndama wake. Nikamwambia nimemtaka, nimchukue leo.

"Leo?" akasema yeye, aniitaye Mwamu kwa kuwa nimetoka Amu. "Mwamu, unanunua ng'ombe au unanunua jembe? Utakuja asubuhi saba. Utamkamua mwenyewe, ndama wake ubavuni. Ya nane, ukimwita akageuka, ni wako."

"Kibwana, Shaabani inakwisha. Nataka kufunga kwetu."

"Kwani ng'ombe naye anafunga?"

Mkewe akacheka ndani mpaka akapaliwa. Kibwana akaendelea, sasa bila mzaha: "Kama una haraka, nenda sokoni. Kule utapewa ng'ombe kabla hujakaa kitako. Lakini wa sokoni usinipitishie hapa. Mnyama wa sokoni sisi tunamfunga ng'ambo ya kijito mpaka miezi miwili iandame, ndipo achanganyike na wenzake. Baba yangu alifanya hivyo, sikumuuliza sababu."

Mimi nilikuwa nimesoma kwamba ng'ombe hujulikana kwa meno, ngozi na mkia. Sikusoma popote kwamba yataka ajuane na mtu. Asubuhi saba, na kutoka kwangu mpaka Zinga na kurudi ni nusu ya siku. Niliona ni ushamba. Nikaaga kwa adabu, na kesho yake nikaenda sokoni.

Soko la ng'ombe la Bagamoyo liko pembeni ya kambi za misafara, na wanyama wake wametoka bara, wametembea miezi, wamelala na kunywa pamoja na wanyama wasiowajua. Dalali alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mwadhini.

"Shekhe! Njoo uone neema. Tazama kiwele hicho, kinaburura chini. Na ndama wake huyo, dume, unapata wawili kwa mpigo."

Nilimfungua kinywa ng'ombe yule mweusi, nikahesabu meno. Nikapapasa ngozi, nikavuta mkia. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa. Dalali akanisifu: "Kumbe shekhe ni fundi! Wewe hudanganyiki." Nikafurahi, Mwana Esha. Mzee wa ndevu nyeupe, nikafurahi kusifiwa na dalali.

Nyumbani, ng'ombe wetu hawa hawaachii maziwa mpaka ndama wao aanze kunyonya. Zuhura alimsogeza ndama. Yule mweusi akamnusa, akampiga teke, ndama akaangukia uani.

"Baba," Zuhura akasema, "huyu si mwanawe."

"Atakuwa amechoka na njia."

"Mama akichoka humsahau mwanawe? Amebandikwa tu. Na kiwele hiki hakijakamuliwa tangu juzi, ndiyo maana kimefura."

Tulijaribu siku tatu. Kiwele kikaanza kuwa kigumu. Mtu pekee niliyejua anaweza kumkubalisha ng'ombe ndama wa mwenziwe alikuwa Kibwana. Nikamfunga kamba mweusi, ndama nyuma yake, nikashika njia ya Zinga. Njiani alikohoa mara mbili. Nikajiambia ni vumbi.

Kibwana alisimama mlangoni mwa zizi, mkono juu ya boriti. "Huyu umemtoa wapi?"

Ningeweza kusema. Angenicheka, mkewe angecheka tena, tungemfunga ng'ambo ya kijito, basi. Nikasema: "Kwa mkulima mmoja ng'ambo ya mto Kingani. Nimemkamua asubuhi nne, kisha ndama wake akafa; huyu ni wa mwenziwe."

"Nne!" akasema kwa furaha. "Mwamu ameanza kupata akili." Akatoa boriti.

Alimpaka ndama chumvi mgongoni ili mweusi amlambe, akawafunga pamoja, akakaa nao akiwaimbia. Kazi hiyo ilichukua siku kumi, nami nililala kwake siku zote kumi. Ramadhani ikaandama ningali hapo. Mkewe akinipikia uji wa kufuturu, laini, kwa sababu ya meno yangu. Siku ya kumi maziwa yakashuka. Nikasema basi, nitakuja Amu baada ya Idi. Kibwana hakutaka hata shukrani. Alinipa mtungi wa samli nikuletee wewe, dada yake Mwamu. Samli ile tuliila wenyewe siku ya Idi.

Baada ya Idi, nyumbani kwetu, mweusi akakonda, akawa anasimama shingo ameinyoosha, akipumua kama mtu anayekata mbao. Akafa. Mmoja wa wale wetu wawili akafuata. Kisha ujumbe ukaja kutoka Zinga: "Njoo na kisu." Watu wa huku wakiwa na mnyama wa kuchinja hunipa mimi, kwa kuwa wanaamini bismillahi yangu.

Nilichinja saba kwa siku kumi na nne, na wawili walikufa kabla sijafika. Kila mmoja Kibwana alimshika kichwa mwenyewe, akimwita jina. Yule mtamba mwekundu aliyetaka kuniuzia alikuwa wa tatu. Jina lake Shungi. Alipoitwa aligeuka. Tulipowapasua, mapafu yalikuwa yamegandamana na mbavu, mazito kama ini, na maji ya manjano kifuani.

"Mwamu," Kibwana akaniuliza, mikono imejaa damu, "wewe umesoma. Ugonjwa huu umetoka wapi?"

Nikasema: "Mungu ndiye ajuaye."

Nilijibu hivyo na kisu kingali mkononi. Sijapata kusema neno la kweli lililo chafu kuliko lile.

Siku ya yule wa saba dalali alifika Zinga kununua ngozi, maana habari ya vifo huwafikia haraka watu wa kazi ile. Aliniona nimechutama juu ya ngozi, akapaza sauti ile ile: "Shekhe! Na wewe uko huku? Yule mweusi niliyekuuzia kambini vipi, anakamulika?"

Kibwana alikuwa akinawa. Hakuacha kunawa.

"Kwa hiyo hakuna mkulima ng'ambo ya Kingani," akasema.

"Hakuna."

"Wala asubuhi nne."

"Wala."

Mkewe ndiye aliyesogea. Alinitazama mdomoni, si machoni. "Uji wangu," akasema, "nilikuwa nauchuja mara mbili kwa ajili ya fizi zako." Akaingia ndani.

Kwangu alikuwa amebaki ng'ombe mmoja na ndama wake, amekohoa akapona. Mnyama aliyepona ugonjwa huu, wanasema haumrudii, kwa hiyo ana thamani. Kesho yake nilimpeleka kwa Kibwana. Akapokea kamba. Akasema: "Umeleta huyu ili nikuachilie uende kwenu. Nenda, Mwamu. Sijakushika. Nani hapa anakutaka?"

Zuhura naye aliniambia niende, akiwa amenipa mgongo. Sasa anasuka mikeka mjini, nyumbani kwa wifi yake, na vidole vyake haviijui kazi hiyo. Mimi nimepanga kibanda hapa Zinga. Kila alfajiri nakata majani ya ng'ombe watatu waliomo zizini kwa Kibwana, wawili wake na yule wangu wa zamani. Mwenyewe haitiki salamu yangu. Mundu anauacha juu ya ua. Nikimaliza naurudisha hapo hapo. Wiki iliyopita niliukuta umenolewa. Sijui ni nani aliyeunoa, na sitauliza.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, fundi wa milango. Nisalimie mwanao mkubwa, mwalimu wa chuo, na mkewe niliyemsikia tu kwenye barua. Nisalimie Mama Sauda, jirani yetu wa ukuta mmoja, ikiwa angali hai. Chumba cha juu ulichoniwekea mpe mwanao mdogo aolee humo. Usimwambie mtu kwamba ni ugonjwa ulionizuia, au umasikini, au bahari. Mundu uko juu ya ua kila siku, na siku nitakayoukosa ndiyo siku Kibwana atakuwa amenifukuza. Mpaka hivi leo hajanifukuza.

Ni mimi kaka yako, Sefu. Sirudi Amu.