Kemshafti Aliyoichagua Deo

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika salamu kwa mazoea tu, maana marahaba yako siisikii tena. Gereji bado ipo. Nimebadilisha bati upande ule uliokuwa ukivuja, na ukungu ukishuka Mbinga bado nawasha maganda ya kahawa mlangoni nipashe vidole kabla ya kushika spana. Naendelea. Ila leo nina jambo, na wewe ndiye ungenielewa bila maswali mengi.

Ni ile pikapu yako. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa sengu, baraza letu, wakala ugali pamoja kwanza kama tunavyofanya Wamatengo, halafu wakagawa. Gereji nikapewa mimi mpwa wako, pikapu akapewa mwanao Deo. Sikunung'unika. Deo ni kijana mwema, anakulilia mpaka leo. Tatizo lake ni masikio. Alikwenda Songea akasikia gari la jamaa mmoja likiunguruma kwenye sailensa, bila kukanyagwa mafuta, limesimama palepale na linatikisika, akarudi na kemshafti mpya ndani ya kiroba. Vinundu vyake vya kusukuma valvu vikubwa kuliko vya ile uliyoichagua wewe. Akataka niifunge kwenye injini ileile yenye supachaja uliyohangaika nayo.

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Kemshafti ndiyo inayoamua valvu zifunguke lini na zifunge lini. Ile ya Deo inaziacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu mno. Supachaja inasukuma upepo kwa nguvu, basi upepo na petroli vinapitiliza hadi kwenye ekzosi bila kufanya kazi. Mbaya zaidi, gari likiwa kwenye sailensa injini haivuti vizuri, na busta ya breki, ile inayousaidia mguu, inategemea mvuto huohuo. Ndiyo maana ulichagua ya upole. "Supachaja tayari ni kichaa," ulikuwa ukisema, "usimpe na panga." Nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki.

Deo aliona namnyima kitu cha baba yake. Akanishtaki kwa wazee, nikaitwa, nikasimama pembeni ya duara lao. Kaka yako mkubwa akasema gari ni la Deo na maneno yameisha. Jambo likishaisha sengu, nani alifufue? Tena mwanamke? Deo akapeleka pikapu kwa fundi mwingine, kemshafti ikafungwa.

Mjomba, mlio wake mtamu, sikufichi. Watu wa sokoni wanaacha nyanya zao kuja kuusikiliza. Mimi nikiusikia nawaza breki. Jana Deo alileta gari nimkazie mkanda wa supachaja. Nilipomaliza nikakaa kwenye usukani, injini ikiunguruma, nikakanyaga breki. Mara ya kwanza ikashuka. Nikaachia, nikakanyaga tena na tena, ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Nikamwambia Deo. Akacheka, akasema miguu yangu ni ya kike.

Na kesho anawapeleka wanakwaya Mbamba Bay, wao nyuma, mama yake mbele. Unaujua ule mteremko. Unashuka taratibu nyuma ya lori, kona baada ya kona, mguu hautoki kwenye breki, na ziwa liko kule chini linakungoja. Usiku sikulala. Kila nikifumba macho namwona Deo akikanyaga na pedali haishuki.

Pikapu ililala hapa gereji. Leo mchana, Deo akiwa kanisani anapanga safari, nikamwita mke wako. Nikawasha injini, nikamkalisha kwenye usukani, yeye ambaye hajawahi kushika gari, nikamwambia akanyage, aachie, akanyage tena. Uso ukambadilika. Hakuniuliza habari ya valvu wala supachaja. Alishuka, akasema nifungue.

Basi nimefungua. Kava ya juu iko sakafuni, cheni imelegea, na kemshafti iko mapajani mwangu na mafuta yake. Ile yako Deo alishawapa watu wa chuma chakavu, kwa hiyo sina cha kurudisha, na gari haliendi kokote. Lakini kuna mtu amempelekea Deo habari. Kutoka hapa nilipokaa nawaona wanapandisha, Deo mbele, kaka yako na wazee wengine nyuma yake. Wanaweza kuninyang'anya gereji, hilo nitalia litaisha. Ninachoogopa ni waichukue hii na kumpa yule fundi aifunge tena kabla ya asubuhi.

Nimemwomba mke wako aende nyumbani, nitajibu mwenyewe. Amekataa. Ameketi kizingitini na nguo yake nyeusi ya msiba, amenyoosha miguu mlango mzima, mtu hawezi kuingia bila kumruka.

"Waache waje," ameniambia. "Mume nimezika. Mtoto sitamzika kwa ajili ya mlio."

Nakuahidi, Mjomba, kemshafti hii hairudi kwenye injini yako mimi nikiwa hai. Pumzika huko Matiri kwenye mibuni yako, na kama kuna namna ya kutuombea, tuombee sasa hivi. Wamefika. Deo anamwambia mama yake asimame, na mama yake hasimami.

Mpwa wako,
Yustina