Mguu wa Chemosit

Waithira, uko? Nimejifungia kwa choo ya Mama nikuandikie.

Unajua vile tunachekanga Baba na chemosit yake, lile jitu la manyoya. Leo tukikula, ndugu yangu Kipyego amemwuliza tena, "Mzee, si utuonyeshe hata unyoya mmoja?" Tukacheka, Mama kutushinda sote.

Baba akaweka kijiko chini.

Akasema mwaka wa themanini na saba alipata alama ya mguu kando ya mto hapa Kapseret, kubwa kuliko sufuria ya ugali. Akaita majirani waje waone. Wakiwa wameinama hapo, chifu akatokea na askari, maana siku hizo kukusanyika bila leseni ilikuwa kosa. "Leseni ya mkutano iko wapi?"

Leseni, Waithira. Ya kuangalia matope.

Majirani wote wakasema hawajaona kitu, wakaachiliwa. Baba akakataa kusema hivyo. Akapelekwa seli, na hakuwahi kutuambia mpaka leo.

Hapo Mama akaanza kulia. "Chifu aliniuliza hata mimi. Hiyo alama ya mguu niliiona. Nikacheka, nikasema ni uongo, kwa sababu nilikuwa na mimba ya huyu." Akaninyooshea kidole mimi.

Baba akachukua kijiko. "Najua," akamwambia. "Kula, chakula inapoa."