Kipande cha Sponji cha Vidole Vitatu

Shikamoo Fundi,

Najua hapa ungeniitikia marahaba na pini mdomoni, bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Tangu tukuzike kule Nduruma sijazoea kufungua duka nikakuta kimya. Lakini leo siandiki kwa kulia. Nimetua mzigo mzito, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Unamkumbuka dada Hana, yule mteja wetu mfupi anayepanda milima ya theluji na mbao mgongoni, halafu akifika juu anazivaa miguuni na kuteremka akiteleza. Mara ya kwanza alipotueleza, ulimuuliza kama mama yake anajua. Ndiye aliyekutia wazimu wa mikoba myepesi. Ukaondoa mifuko ya pembeni, ukaondoa zipu, na kila ukipunguza kitu unakimbilia mizani ya bucha ya jirani. Mkoba unarudi unanuka mbuzi, na wewe unatabasamu.

Oda yake ya mwisho uliipokea ukiwa umeshaanza kukohoa. Ulikata tu sponji inayokaa upande wa mgongo wa mkoba, ukaishia hapo. Siku Mama, mkeo, aliponiita nyumbani Lemara, ulikuwa huwezi hata kukaa. Ukanishika mkono, ukasema, "Mgongo shibiri mbili na vidole vinne. Usimwangushe yule binti." Hukuniambia neno jingine tena. Sikuliandika popote, ningelisahau vipi?

Nikakata kitambaa. Shibiri mbili, vidole vinne. Nikashona mshono mara mbili kama utakavyo, nikaweka vitanzi vya kubebea mbao. Kuingiza sponji, ikagoma. Imezidi vidole vitatu vizima. Nisamehe Fundi, nilisema moyoni, maskini Mzee, ugonjwa ulimchanganya hadi sponji akakata vibaya. Nikachukua mkasi, nikaipunguza. Hana akaja akauchukua mkoba, na kesho yake asubuhi akaingia Mlima Meru kuujaribu kabla ya kurudi kwenye milima ya kwao.

Nilikuwa nafagia nilipokiona kile kipande sakafuni. Nikakiokota nikakitupe, kisha nikautazama mkono wangu. Miaka sita niliyokaa kwako hatujawahi kupima mgongo kwa tepu, tulipima kwa mkono wako. Na mkono wako, Fundi, ulikuwa kama sinia. Mimi hata glavu za watoto zinanipwaya. Hukuwa umekosea kitu. Niliyekosea ni mimi, na kosa langu nikakusingizia wewe ukiwa kaburini.

Siku nne sikugusa cherehani. Mlima nauona kutoka mlangoni, na kila wingu likiufunika namwona Hana kwenye ule ukingo mwembamba karibu na kilele, mkoba unamyumbisha. Nikamweleza Mama. Hakunifokea. Alisema akishuka tu nimwambie mwenyewe, uso kwa uso, maana wewe usingejificha.

Akashuka. Alisimama mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi, na kabla hajatua mkoba nikaanza kusema. Nilisema yote, mkono, sponji, mkasi. Nikamwambia nitashona mwingine na huo aniachie niufumue. Akakaa kwenye stuli yako, akautua mkoba magotini. Kisha akasema, "Mikoba ya Fundi ilikuwa inanipiga kiunoni miaka yote, kila nikiinama kwenye mteremko. Nilimpenda mno, nikaona aibu kumwambia. Huu ndio wa kwanza kunikaa."

Nililia, Fundi, halafu nikacheka hadi jirani wa bucha akaja kuchungulia. Usinune. Najua umenuna. Lakini hebu fikiria, yeye anaumia kiuno kwa heshima, na wewe unajisifu mji mzima kwamba hakuna mgongo usioujua! Ungekuwepo ungezira nusu saa, kisha ungefumua kila kitu uanze upya.

Sasa kwenye ule msumari wako nimetundika tepu. Kila mteja anageuka, anapimwa mgongo, hata wapagazi wanaonicheka kwamba duka limekuwa zahanati. Mama huja Jumamosi anakaa kwenye stuli na kukagua mishono. Anasema mingine ni mizuri. Nalala vizuri siku hizi.

Halafu kuna hili. Hana ameagiza mkoba wa mumewe, na mume mwenyewe ni mrefu kama wewe. Vipimo vyake ninavyo kwa tepu, nimeviandika. Lakini jana, kabla ya kukata, niliulaza mkono wangu kwenye kitambaa. Shibiri mbili, vidole vinne. Kisha mwishoni nikakiweka kile kipande cha sponji, nikasoma tepu. Ilikuwa imefika palepale penye kipimo cha mgongo wa mumewe. Nikauweka mkasi chini kwanza, kwa sababu ilikuwa kama umeniwekea mkono mezani.

Kipande hicho sikitupi. Kipo kwenye droo ya nyuzi, na wateja warefu bado unawapima wewe.

Pumzika sasa, Fundi, duka lipo. Na ninakuahidi, nikikuta kazi yako imepishana na yangu, nitaupima kwanza mkono wangu kabla ya kushika mkasi.

Mwanafunzi wako,
Nai