Kwa Hija Matano, Aliyeshona Wanyama wa Vitongoji

Mwaka umetimia, Baba, tangu pembe ya fahali ikutoe mikononi mwetu hapa Vitongoji, na hadi leo mnyama akilia uani tunageuka kukutafuta wewe.

Wasiokujua na waambiwe. Ulikuwa tabibu wa wanyama, kazi uliyojifunza kwa kumshikia vyombo daktari wa mifugo kule Chake. Paka dume waliletwa kwako hata kutoka Tibirinzi. Ulimtia paka kichwa chini ndani ya mkono wa kanzu kuukuu, mapaja nje, na kabla hajamaliza matusi yake alikuwa amekwisha kuhasiwa. Mbwa wa wasasi waliopasuliwa na nguruwe mwitu uliwarudishia matumbo ndani kwa vidole vyako, ukashona, kisha ukaenda kunawa mara saba, moja kwa udongo, ukinung'unika kwamba mbwa watatu kwa siku moja watakumalizia kisima. Mama yetu, Bi Time, alikutengea ndoo yako mbali na asikuruhusu kugusa nyingine.

Damu haikukutisha. Mwenye mnyama akilia ulimfukuza. "Huruma ikae nje," ulikuwa ukisema, "humu ndani mna kisu." Lakini kazi ikiisha ulikaa na mgonjwa wako, ukamlisha kwa mkono, na watu wakakucheka.

Aliyekushikia vichwa vya wanyama hao ni binti yako Mwanapili, tangu alipoachwa na mume akarudi nyumbani. Aling'atwa, alipigwa mateke, hakuachia. Na ni yeye aliyemlea Usinipime, ndama aliyefiwa na mama yake siku aliyozaliwa. Alimnywesha maziwa kwa kifuu, akamkuza, na ndama akawa fahali jeusi lisilomstahi mtu ila yeye. Lilipomvunja Jecha, jirani yetu, mbavu mbili, ulisema basi, huyu anahasiwa.

Asubuhi ile fahali liliangushwa kwa kamba, miguu minne imefungwa, majivu na mafuta ya nazi tayari. Ukainama na kisu. Mwanapili akajitupa juu ya paja la mnyama.

"Baba, huyu nimemlea mie. Ukinkata yeye, n'kate na mie!"

Ulimtazama sana. Halafu wewe, uliyewafukuza wenye paka kwa machozi madogo kuliko yale, ukakifuta kisu ambacho hakikuwa na damu, ukakirudisha mkobani. Hilo ndilo kosa lako, Baba, na tunalisema kwa mapenzi.

Msimu wa mchezo wa ng'ombe ulipofika, vijana wakaliomba Usinipime. Zumari lilipigwa, wanawake wakaimba, na fahali likaingia uwanjani limekwisha kukasirika. Ulisimama ukingoni na mkoba wako, kama kila mwaka, kwa sababu hakuna mchezo usiopasua mtu. Safari, mmoja wa wachezaji, akateleza na shuka lake la kulichokozea fahali mkononi. Ulikimbia ukamvuta miguu, ukamtoa. Pembe iliyokuwa yake ikaingia chini ya mbavu zako, ikakuinua, ikakubwaga, ikarudi tena.

Mwanapili alikushindilia kanga yake ndani ya kidonda. Akatoa sindano yako, akaanza kushona pale pale mchangani, na damu ikapita kati ya vidole vyake.

"Wacha, mwanangu," ulimwambia. "Uzi hautoshi." Kisha ukasema, "Msinchinje Usinipime. Nkateni tu."

Ukanyamaza.

Siku ya tatu ya matanga, mbele ya watu wote, kaka yake Soud, mkubwa wetu, akasema, "Aliyemuua Baba hana pembe." Mwanapili alilisikia neno hilo. Tangu siku hiyo hakukishika kisu. Wanyama waliletwa wakarudishwa. Soud alitaka kulichinja fahali, Bi Time akamzuia kwa wosia wako. Wa kulihasi hakupatikana. Basi likakaa karibu mwaka mzima limefungwa mnazini, likilimwa matusi na kila apitaye.

Mfungo tisa, miezi miwili iliyopita, lilikata kamba. Soud alitoka na panga, nalo likampasua paja toka gotini hadi nyongani, mpaka nyama ikaning'inia. Mwanapili alisimama mbele ya fahali akaliita kwa jina, likatulia. Akalifunga. Kisha akaenda kuuchukua mkoba wako ukutani, akapiga magoti kwa Soud.

"Uma kanzu," alimwambia.

Soud aliuma. Mishono kumi na minne, Baba, kwa mkono wako ule ule. Ulipofungwa wa mwisho, Soud alitema kitambaa akasema, huku akilia waziwazi, "Nisamehe, mdogo wangu. Lile neno lilikuwa langu, halikuwa la Baba."

Juzi, Soud akichechemea, aliishika kamba yeye mwenyewe. Mwanapili alilikata kwa kisu chako. Fahali lilinguruma mpaka kuku wakaruka ua, na yeye akalia mwanzo hadi mwisho, lakini kisu hakukiachia. Akapaka majivu na mafuta. Jioni akalilisha kwa mkono. Wosia wako umetimia.

Khitma yako ni Ijumaa hii, nyumbani, baada ya sala.

Karatasi hii imeandikwa na Soud. Katika tangazo la msiba, mwaka jana, jina la dada yake alilifuta kwa wino. Leo Bi Time amemwachia Mwanapili nafasi ya kwanza katika majina haya.

Wanaokukumbuka: Mwanapili, binti yako, mwenye kisu chako, mkeo Bi Time, mwanao Soud, wajukuu zako Mwanaasha na Abrahman, jirani yako Jecha, na Safari, anayetembea kwa miguu uliyoivuta.

Hatukukusahau hata siku moja, Baba, wala hatutakusahau.

Vitongoji, Pemba, Shaaban 1357 Hijria