Hodi Ulingoni

Mama mpenzi, shikamoo.

Joto la Tanga limenishinda; nguo ninazofua asubuhi, saa sita nimeshazivaa tena. Eliza hajambo. Najua hukutaka nimlete mdogo wangu kwenye kambi ya ngumi, na siku ya kwanza hata mimi nilijuta. Alikaa kwenye kona akitazama mlango tu, kama anavyofanya nyumbani tangu wezi walipotuvunjia.

Kila msichana hapa kaja na hofu yake. Ulingo wenyewe ni mchanga uliozungushiwa kamba za katani, na kocha wetu, Bi Mwanahamisi, ana sharti moja: huvuki kamba bila kupiga hodi, na aliye ndani asiposema karibu, unabaki nje.

Jana Eliza alikuwa ndani, keshavaa glavu, na zamu ilikuwa yangu. Nikapiga hodi. Akasema, "Bado, dada."

Bado! Na wenzetu wamepanga mstari juani! Nikataka kumhimiza, kocha akanikata jicho, akaketi mchangani na kumenya chungwa lake. Tukangoja mpaka akalimaliza. Ndipo Eliza akavuta pumzi, akasema, "Karibu," kwa ile sauti yake ya zamani. Kisha akanipiga ngumi ya pua, nikacheka huku machozi yakinitoka.

Tunarudi Jumamosi na machungwa yako ya Muheza. Mama, chumbani kwa Eliza piga hodi hata mlango ukiwa wazi. Akisema bado, ngoja.

Mwanao akupendaye,
Tumaini